Fundi Spana na Vitanda Visivyorudi Wodini

Saa tatu asubuhi, wodi ya wanawake. Fundi Spana amepiga magoti chini ya kitanda, anafungua nati. Mgonjwa aliyekilalia ameshahamishiwa kitanda cha jirani. Wamelala wawili, mzungu wa nne, kila mmoja na miguu ya mwenzake puani.

"Kinapelekwa wapi, fundi?"

"Matengenezo, dada. Kikipona kinarudi."

Uongo mtupu. Kitanda ni kizima, alikichomelea mwenyewe. Kinaenda stoo, maana hospitali hii ya umma imeamriwa kupunguza vitanda. Wauguzi hawatoshi, basi wakubwa wameona dawa ni vitanda vipungue vilingane nao. Wodi ilikuwa na arobaini, vimebaki ishirini na sita. Wagonjwa, jamani, hakuna aliyewapunguza.

"Sikutumwa kudanganya," anasema nje, akijifuta grisi mikononi. "Ni mimi tu. Nilishindwa kumtazama mgonjwa usoni nimwambie namnyang'anya kitanda. Nikasema matengenezo, wakaridhika, nikanogewa."

Mtaani jina amelipata kwa spana hiyo. Vitanda vilivyotupwa uani vikiota kutu, yeye ndiye aliyevifufua. Akipita sokoni watu walikuwa wakimtania, "Fundi, nikiugua niwekee chenye magurudumu mazima!" Siku hizi anazunguka njia ya nyuma.

Wiki iliyopita mama mkwe wake akalazwa kwa nimonia. Fundi anaingia na sanduku la vifaa, anamkuta sakafuni, godoro jembamba, karibu na mlango wa choo. Pale palikuwa na kitanda. Alikiondoa yeye, Jumatatu. Na huyo ni mkwe mtu, ambaye Fundi huona haya hata kuketi naye mkeka mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Usihangaike. Nimewaambia wenzangu hapa, mkwe wangu ndiye anayevitengeneza, vitarudi. Kuna mmoja alitaka kwenda kulalamika kwa mganga mkuu, nikamtuliza."

Fundi aliitikia "Ndiyo, mama," akatoka. Alijifungia stoo, akaketi juu ya kitanda kimojawapo, akalia.

"Aibu hii sijawahi kuionja," anasema. "Watu walikuwa tayari kudai haki yao, uongo wangu ukawanyamazisha. Tena kwa mdomo wa mama mkwe!"

Je, ameshamwambia? Anainamisha kichwa. Bado, na asubuhi hii amerudia uongo uleule. Mkewe anajua, na tangu ajue anamjibu kwa mkato.

Leo mchana, saa ya kuona wagonjwa, yeye na mkewe wataingia pamoja. Amepanga kusema kwa sauti, wodi nzima isikie: vitanda kumi na vinne vizima viko stoo, na aliyevipanga ni yeye. Atakayetaka kwenda kwa mganga mkuu aende. Yeye atakwenda nao, hata kama kazi itaota mbawa.

"Na mama mkwe?"

Anaigeuzageuza spana mkononi.

"Anitukane. Asiniitikie hata salamu. Ila asiendelee kunisifu."