Koti Lisilo na Kitanzi

Glafira Antonovna alimchoka mgeni wake siku ile ile ya kwanza, alipomwona kaingia na viatu mpaka kwenye zulia. Visigino vyembamba kama misumari, na vinadondosha lile tope la Petersburg: theluji, chumvi ya barabarani na mikojo ya mbwa, vyote vimekorogwa pamoja.

"Vua hapo hapo! Ndala za wageni hizo."

Ilona akaziangalia zile ndala kama kaonyeshwa panya aliyekufa. "Shangazi, nani kazivaa hizi?"

"Watu wenye adabu."

Ilona ni mtoto wa kaka yake, yule aliyehamia Limassol, mji wa pwani ya kusini, zamani akazaa huko huko juani. Sasa binti kaja kuiona theluji ya mji mkubwa, masanduku matatu ya nguo na kofia hata moja hana. Kofia itamharibia nywele. Kutwa anaziba pua. Treni inanuka sufu mbichi. Ngazi zinanuka paka. Theluji yenyewe, aliyoifuata kote huko, akasema inafanana na uji uliomwagwa sokoni ukakanyagwa. Hapo hakukosea. Lakini nani kamwita?

Bibi mmoja wakamkuta kituoni, akamshika Ilona mkono. "We binti, kofia iko wapi? Unataka ubongo ugande?"

"Shangazi, huyu ananijua?"

"Hakujui. Angekujua angekutukana."

Glafira alivumilia. Mwanamke aliyekata tiketi kwenye tramu mpaka magoti yakaisha, akazika mume, akamlea mwanawe Taisia peke yake, anajua kuvumilia. Tena wiki ile roho yake ilikuwa kwa Taisia. Binti huyo kazeekea safu ya nyuma ya kwaya, anafungua mdomo na wenzake, hakuna amjuaye. Sasa kapewa wimbo wa peke yake, tena wa kwanza kabisa kwenye onyesho.

"Mama, nisipokuona sauti haitatoka."

"Utaniona. Hata nikifa nitakuja."

Jioni ya onyesho Glafira akavaa mabuti yake ya sufu, viatu vya ukumbini akavitia kwenye mfuko wa kitambaa, kama afanyavyo kila mwanamke wa mji ule. Akamtolea Ilona mabuti ya Taisia.

"Nipige picha na magunia haya miguuni?"

"Basi ganda."

Ilona akatoka na visigino vyake na koti jeupe la Milano. Kila daraja anasimama, anajipiga picha, anateleza, anatukana. Walipofika kwenye jumba la maonyesho, kengele ya pili ilishalia. Ikilia ya tatu milango inafungwa, na hafunguliwi mtu.

Glafira akabadilisha viatu mbio mbio, akakabidhi koti lake, akatumbukiza mabuti yaliyolowa mfukoni. Mama wa chumba cha makoti, ambako kila mtu huacha koti kabla ya kuingia, akalipokea la Ilona, akageuza ukosi.

"Kitanzi kiko wapi?"

"Kitanzi gani?"

"Cha kutundikia! Nilitundike sikioni kwangu?"

"Tafuta henga."

"Henga ziko kwenu. Hapa kuna misumari. Nitalitundika kwa mkono wa koti."

"Litavutika! Unajua limetoka wapi hili?" Ilona akalinyakua, akamrushia Glafira kifuani. "Shangazi, nishikie. Naingia napiga picha mbili tatu, narudi." Huyo, kakakaka, akapotelea ukumbini.

Glafira kabaki na koti mikononi. Kengele ya tatu ikaanza kulia.

"Na koti huingii, mama, na hilo silipokei tena bila kitanzi," akasema yule wa makoti. "Sheria ni sheria."

"Mwanangu anaimba!"

"Aimbe. Kwani nimemzuia?"

Glafira akaangalia koti, akaangalia mfuko wake. Akaufungua, akalishindilia lile koti jeupe ndani, juu ya mabuti, akasukuma kwa ngumi, kisha kwa goti, mpaka maji machafu yakachuruzika chini.

"Mfuko una kitanzi," akasema.

Yule wa makoti akauinua, akautundika, akampa kibati cha namba. "Huo una kitanzi."

Glafira akapenya mlango ukifungwa. Taisia alikuwa keshasimama jukwaani, uso mweupe, macho yanatafuta. Yakamwona. Sauti ikatoka.

Baadaye koti likatolewa mfukoni, mgongoni lina unyayo mzima wa buti, rangi ya kahawia, na linanuka kama mbwa. Ilona akapiga kelele mpaka watu wakageuka.

"Umefanya nini?"

"Nimemsikia mwanangu," Glafira akajibu, anavaa mabuti yake taratibu.

Ilona akatoka analia, kichwa wazi, koti kalishika kwa vidole viwili.

"Lilikuwa zuri," akasema yule wa makoti.

"Lilikuwa," akasema Glafira, akafunga kamba za kofia yake kidevuni.