Nilisema Ni Mume Wangu Ili Nipate Chumba

Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu na mahali ninapofanya kazi. Nina umri wa miaka ishirini na tatu. Mchana ni karani katika ghala moja Industrial Area, Nairobi, jioni nasoma chuo kikuu. Sisi wa masomo ya jioni hatupewi nafasi mabwenini, kwa hiyo kila mmoja hujitafutia.

Nilizunguka mtaa kwa mtaa mpaka soli za viatu zikaisha. Vyumba vya bei yangu vilikuwepo, lakini wenye nyumba waliponiona peke yangu walikataa. Hapa mtaa wa Mowlem, mama mwenye ploti ya vyumba vya kupanga, mtu wa kanisa sana, hakunificha. "Binti, chumba kipo, ila mimi sipangishi wasichana. Leo uko mmoja, kesho wanaume wanapanga foleni mlangoni. Una bwana?"

Siku hiyo nilikuwa na mwanafunzi mwenzangu, nitamwita Mutua, ambaye pia hakuwa na pa kulala. Tulitazamana. Nikajibu, "Ndiyo, mama. Ni huyu."

Tulitundika pazia katikati ya chumba, kitanda changu dirishani, godoro lake mlangoni. Mungu ni shahidi, Mutua hakuwahi kulivuka. Kwenye bomba wanawake walinitania, "Bibi Mutua, mtoto atakuja lini? Ama bwana anasoma mpaka kitandani?" Nilicheka nao, nikajaza ndoo yangu. Tukirudi kutoka darasani, Mutua aliniuliza habari za kwetu Ukambani: baba anaitwa nani, tunashukia soko lipi, baba zangu wadogo wako wangapi. Nilifurahi kupata mtu wa kuongea naye. Kumbe alikuwa anauliza njia.

Jumapili iliyopita nilienda nyumbani, nikakuta mbuzi wageni wamefungwa nyuma ya jikoni. Mama alinikumbatia akilia kwa furaha. Wazee wa kina Mutua walikuwa wamekuja kuniposa, na kwetu mbuzi wakishapokewa, msichana ana wenyewe. Baba alisita mwanzoni, lakini walikuwa na shahidi. Yule mama mwenye ploti, waliyekuja naye kutoka Nairobi, alisimama akaeleza tunavyoishi vizuri, bwana na bibi.

"Ungetuambia tu, mwanangu," baba alisema, bila kunitazama usoni.

Nilirudi Nairobi. Mutua alikuwa anapiga pasi shati.

"Kwa nini umenifanyia hivi?"

"Nimefanya nini? Nimesema uongo gani ambao hukuusema wewe kwanza?"

"Si ungeniuliza!"

"Ningekuuliza ungekataa," akasema, akageuza kola, akaendelea na pasi yake.

Mwisho wa mwezi wazee wanarudi, na mimi nitaulizwa mbele yao kama namkubali. Nikikataa, itanibidi nimwambie baba kwamba nimekaa chumba kimoja na mwanamume asiye wangu, na nani ataniamini habari za pazia? Yule mama mwenye ploti naye atanitoa nje, na mtihani umekaribia. Nikikubali, nitakuwa nimeolewa kwa sababu ya chumba. Simpendi. Nilimwamini, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Dada zangu, mama zangu, hata ninyi wanaume mnaosoma ukurasa huu, nishaurini. Nitafute kwanza mahali pengine pa kulala, ama niende kwanza kwa baba?