Siku Funguo za Gari Langu Zilipopaa Dirishani

Niliziona kwa macho yangu mawili.

Funguo za gari langu ziling'oka msumarini zenyewe, zikaning'inia hewani, kisha zikaanza safari taratibu kuelekea dirishani.

Mchana kweupe. Jua linawaka. Sijanywa kitu.

Na kabla hujasema nimechanganyikiwa, nina shahidi. Mama mkwe alikuwa kochi la pili, anakunja nguo. Nguo ikamdondoka.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "na wewe unaona?"

"Naona, mama."

"Zinakwenda wapi?"

"Hazijaniaga, mama."

Basi mama mkwe akasimama, akanyoosha mkono kama mhubiri wa jukwaani. "Shindwa! Toka ndani ya nyumba hii! Toka!"

Funguo zikatoka. Kwa utii kabisa. Zikapenya katikati ya nondo za dirisha, pazia likatikisika, kwisha habari.

Tukashikana mikono, tukafumba macho, tukaanza kukemea. Tulikemea kwa bidii hadi nikasikia mlio ninaoujua kuliko mkoromo wa mume wangu.

Injini ya gari langu ikiwaka.

"Mama," nikasema, "pepo lenyewe linajua kuendesha."

Nilitoka mbio bila viatu. Lango wazi, vumbi limetimka, gari hakuna.

Na ndani ya gari kulikuwa na keki ya harusi.

Ngoja niwaeleze vizuri. Mimi naoka keki nyumbani. Gari langu ni kile kigari cha mizigo chenye milango miwili nyuma. Bila hicho kigari, mimi ni mwanamke mwenye unga tu.

Siku hiyo harusi ilikuwa ya binti mmoja mpole sana. Aliwahi kuja kwangu kuonja keki na mjomba wake, mwanamume mtanashati ambaye ukoo mzima unamwita Mjomba Suti. Hata kuja kuonja keki alivaa suti. Alikula vipande kuliko bibi harusi mwenyewe, akasifia kila kitu. Keki, mapazia, hadi rangi ya ukuta.

Keki ilitakiwa ifike ukumbini asubuhi. Sasa umeme nao ukaamua kunionyesha kazi. Friji likazima, krimu ikalegea, nikaanza upya huku nalia. Hadi nakuja kuipakia garini, jua liko utosini. Nikaingia ndani nikae kidogo tu, nipoze miguu, nibadilishe nguo niondoke.

Hapo ndipo funguo zikapaa.

Nilikwenda kituo cha polisi. Afande wa zamu, mtu mnene mwenye sauti ya usingizi, akachukua kalamu.

"Mwizi aliingiaje?"

"Hakuingia, afande."

"Funguo kazipataje?"

"Zilipaa."

Akanitazama. "Zilipaa."

"Zilipaa, afande. Zikatokea dirishani. Mama mkwe alizikemea lakini wapi."

Akaiweka kalamu chini taratibu, kama mtu anayemwekea mgonjwa maji. "Dada, nyumbani kuna mtu mwingine naweza kuongea naye?"

Nikampa namba ya gari na ya simu yangu, nikaondoka. Kilichokuwa kinaniuma zaidi ni yule binti. Gari ni bati. Lakini utamwambiaje bibi harusi kwamba keki yake imeibwa na pepo?

Nikapanda pikipiki hadi ukumbini. Njia nzima natunga maneno. Nimefika nje nimeyasahau yote.

Nikasukuma mlango.

Keki ilikuwa mezani.

Orofa zote tatu, maua yote, hata ile lulu ya juu kabisa iliyonitoa jasho. Haijachubuka hata kidogo. Nikaizunguka kama ng'ombe mgeni zizini.

Shangazi wa bibi harusi akaja akanikumbatia. "Pole mama! Unaendeleaje? Mjomba katuambia umebanwa na tumbo ghafla, ukamwomba akuletee keki. Unaona moyo wa yule mtu?"

"Namwona," nikasema. "Na gari langu je?"

"Liko nyuma ya jikoni. Usikasirike, tulipoliona lina nafasi tukamtuma viti. Akarudi, tukamtuma soda. Sasa hivi kamaliza kushusha spika. Masikini, tangu afike hajapumzika! Kila akitaka kuondoka tunampa kazi nyingine."

Mwizi kaiba gari, kaishia kuwa dereva wa shughuli ya ukoo wake.

Nilimkuta nyuma ya jikoni, koti kalitundika kwenye mlango wa gari langu, shati limelowa. Aliponiona hakukimbia. Angekimbilia wapi? Mbele kuna lori la jenereta, nyuma kuna mashangazi.

"Mjomba," nikasema. "Funguo."

Akanipa.

"Ulizitoaje?"

Akaonyesha kwa kidevu chini ya kiti. Palikuwa na fimbo ya kuvulia samaki, nyembamba, ya kukunjwa, ncha yake ina ndoano na sumaku. Pepo letu hilo, pazia ndilo lililotufichia. Alisimama upenuni mwangu kama mtu anavua perege.

"Na keki ya mpwa wako ulikuwa unaipeleka wapi?"

Hapo akanikasirikia. Yeye ndiye akakasirika!

"Dada, si ulisema utaileta asubuhi? Mimi nilijua umeshaileta, umerudi, umelala! Nimefika mbali nasikia kitu kinacheza nyuma, nafungua, naona keki ya mwanangu! Ungefanya kazi yako kwa wakati, haya yote yangetokea?"

"Samahani, Mjomba. Umeme ulikatika."

Naapa mbele yenu. Nilimwomba radhi mwizi wangu.

Akajiegemeza garini, sura imezeeka ghafla. "Ningeweza kuitupa. Nilisimamisha gari nikafikiria. Nikashindwa. Yule mtoto nimemfundisha kutembea, dada." Kisha akasema polepole, "Nipigie kelele ukitaka. Ila ngoja akate keki kwanza."

Nilitaka kupiga kelele. Mdomo ulishafunguka. Lakini ndani nikamsikia mshereheshaji anaita watu wakae, bibi harusi yuko mlangoni.

Nikapiga simu badala yake.

"Afande, ni mimi wa funguo. Gari nimelipata."

"Limerudi lenyewe?" akauliza. "Limepaa?"

"Njoo ukumbini, nikuonyeshe mwizi. Kavaa ua kifuani."

Akaja na mwenzake, wamevaa kiraia. Niliwaeleza, nikawaomba wasubiri keki ikatwe. Akafikiria, akaangalia keki, akaniuliza, "Ya chokoleti?" Wakakaa karibu na mlango na sahani zao. Sijawahi kuona ulinzi uliotulia vile.

Bibi harusi akakata keki. Kipande kimoja akampelekea Mjomba, akapiga magoti, akamlisha kwa mkono wake. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mjomba alitafuna muda mrefu sana. Machozi yalimtoka na watu wakapiga picha, wakadhani ni furaha.

Alipomeza, akafunga kifungo cha koti, akatembea mwenyewe hadi mlangoni. Afande akafuta krimu mdomoni, akamfuata.

Ukumbini hakuna aliyejua. Muziki uliendelea.

Nilidhani yameishia hapo.

Baada ya fungate yule binti akaja kwangu. Hakuja kuonja kitu. Alikaa kochi lilelile alilokaa Mjomba, akaniomba nimwonyeshe zilipokuwa funguo. Nikamwonyesha msumari, kando kabisa ya dirisha, alioupigilia mume wangu ili nisizitafute kila asubuhi.

Akapima kwa mkono kutoka msumarini hadi dirishani.

"Gari la baba liliibwa mwaka jana," akasema. "Funguo zilikuwa mezani, karibu na dirisha. Hakuna mlango uliovunjwa. Baba akamfukuza dada wa kazi, akisema ndiye aliyezitoa nje."

"Na Mjomba?"

"Mjomba ndiye aliyempeleka baba polisi kutoa taarifa. Alikaa kwetu wiki nzima anamfariji. Usiku baba akilia, yeye ndiye anamchemshia chai."

Akafuta macho, akasema kesho wanakwenda na baba yake kumtafuta yule dada wa kazi wamwombe msamaha. Akaniuliza kama ninaweza kuwaokea kitu cha kumpelekea. Niliwaokea. Na nilipeleka kwa wakati.

Sasa nisikilizeni, wenye magari na wanaoyatarajia.

Nyumba nzima tunafunga kwa nondo na kufuli, halafu funguo za gari tunazitundika kama picha ya harusi, kila mgeni azione. Usiache funguo karibu na dirisha wala mlango. Weka ndani, kwenye kitu kinachofungika, mbali na macho ya wageni. Usimpime mtu kwa suti yake, na kabla hujamfukuza dada wa kazi, chungulia kwanza dirisha lako.

Na ukiona funguo zinapaa, acha kukemea. Kimbia nje!

Zangu siku hizi nimezificha wapi? Mume wangu mwenyewe hajui, akilitaka gari ananibembeleza kama enzi za uchumba.

Na wewe usiniulize.