Seva za Kambini na Bahasha ya Shemeji

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kununua mitambo iliyotumika ilikuwa Jumatatu, mwanzoni mwa mwaka 1996, mjini Shinyanga. Nilifika saa moja na nusu asubuhi nikiwa na cheti cha ufundi wa simu na bisibisi sita zilizobaki mikononi mwangu tulipopunguzwa kazi na mwajiri wa zamani. Mkurugenzi, mfanyabiashara wa Kihindi ambaye baba yake alianza kwa kuuza majembe na vitenge, hakukitazama cheti. Alinipeleka ghalani, akanionyesha seva tatu sakafuni na kuniambia nizipange kwa thamani kabla hajarudi kutoka benki.

Niwaeleze vijana seva za wakati ule zilikuwaje. Seva ni kompyuta inayozitunzia kompyuta nyingine za ofisi kazi zake. Zile zetu zilikuwa masanduku ya chuma yenye kimo cha meza ndogo, mlango wa mbele wenye ufunguo, na nyuma ya mlango nafasi za diski, ambazo ndizo zinazohifadhi habari. Kila diski ilikaa ndani ya trei yake, kishikio cha chuma na plastiki kinachoingia na kutoka kama mtoto wa meza.

Nikapanga bisibisi zangu. Kabla sijalegeza skrubu ya kwanza, akaingia mama mmoja mfupi, mtunza ghala, kanga imefungwa kiunoni. Tuliamkiana, akaniuliza mimi ni baba nani. Nikamwambia Baba Limi. Yeye alikuwa Mama Kulwa. Aliinama, akainyanyua seva ya kwanza kidogo tu kutoka sakafuni, akaishusha. Akafanya hivyo kwa ya pili na ya tatu, kisha akanusa feni ya nyuma ya kila moja.

“Baba Limi, hii ya kati ni fifi,” alisema. “Hizi mbili safi, ila hii ya mlangoni imekaa karibu na mtambo wa kuchoronga miamba. Imekula vumbi.”

Safi na fifi ni madaraja ya pamba, bora na hafifu. Mama Kulwa alikuwa amepanga madaraja kwenye kinu cha kuchambua pamba kwa miaka mingi, mpaka kinu kilipofungwa. Nilifanya kazi kwa saa tatu, nikakuta seva ya kati haina diski hata moja na memori imeng’olewa nusu. Ile ya mlangoni ilikuwa na vumbi jekundu mpaka ndani ya pawasaplai, kifaa kinachoipa umeme. Mkurugenzi aliporudi nilimsomea taarifa yangu, akamuuliza Mama Kulwa naye alisemaje, akasikia, akacheka.

“Kumbe fundi ametumia asubuhi nzima kukubaliana na Mama Kulwa,” alisema.

Nilicheka pia. Lakini chai niliyowekewa tangu saa nne sikuinywa, na ninaweza kusema bila kukosea kwamba wivu wangu ulianzia hapo, kati ya saa tano na saa sita.

Biashara yenyewe ilikuwa hivi. Kuanzia Kahama hadi Geita kulikuwa na kambi za kampuni zinazotafuta dhahabu. Kambi ikifungwa au ikihama, vitu ambavyo havikustahili gharama ya kusafirishwa viliuzwa: jenereta, pampu, matairi, na baadaye seva. Meneja wa kambi alibandika orodha getini. Wanunuzi walitazama mali siku moja, kila mmoja akaandika bei yake kwenye bahasha, bahasha zikatumbukizwa kwenye sanduku na kufunguliwa Jumamosi mbele ya wote. Bei za wote zilibandikwa palepale getini. Aliyeshinda akishindwa kulipa ndani ya siku tatu, mali ilitangazwa upya na kila mtu akaandika upya.

Sharti moja lilituumiza: hairuhusiwi kufungua mashine. Mara nyingi diski zilitolewa kabla ya mauzo, maana zilikuwa na siri za miamba, mahali kampuni ilipochoronga na ilichokikuta. Basi ulinunua sanduku usilojua lina nini. Likiwa na memori, trei zote na ufunguo, lilikuwa mali. Likikosa trei, hata ukipata diski huna pa kuiweka, na trei hazikupatikana Mwanza wala Dar es Salaam. Mimi nilibaki nimesimama na bisibisi mfukoni. Mama Kulwa, ambaye Mkurugenzi alianza kumtuma pamoja nami, alimwambia mlinzi, “Ngoja nikusaidie kuisogeza, mwanangu, itakuumiza,” na kwa hatua mbili za kuisogeza uzito ulikuwa umekwisha kumwambia kilichomo na kilichotolewa.

Bei zilipanda na kushuka kwa sababu ambazo nilizifuatilia na kuziandika kwenye daftari. Dhahabu ikishuka huko duniani, kambi ndogo zilifungwa kwa mkupuo, na seva zikawa nyingi kama viazi vya msimu. Mvua ikikata barabara ya Geita, zilizokuwa tayari Shinyanga zilipanda. Malori ya Rwanda na Burundi yakijaa Isaka kupakia mizigo ya reli, wafanyabiashara waliofuatana nayo walinunua bila kubishana sana. Na aina moja ya seva ikinunuliwa na ofisi nyingi za Mwanza, hata mbovu ya aina hiyo iligombaniwa kwa ajili ya spea. Hayo yote niliyajua kuliko yeye. Nilimfundisha mimi mwenyewe aandike kwenye kila zabuni maneno “pamoja na trei na funguo zake,” ili muuzaji asije akavibakiza. Ni kitu pekee nilichowahi kumfundisha, na nilikuwa nakikumbuka kila nikilala.

Mwaka 1997 nilihamishiwa Kahama, na mwaka uliofuata Geita. Mama Kulwa alipelekwa Isaka, akaacha funguo za ghala na kuwa mnunuzi kama mimi. Kila mwisho wa mwezi tulikutana Shinyanga kwa Mkurugenzi, na kila mara mali yake ilikuwa imenunuliwa kwa bei ndogo na kuuzwa haraka. Nilianza kuhesabu Mkurugenzi alitaja jina langu mara ngapi na lake mara ngapi. Mama yake Mkurugenzi, bibi asiyetoka sana nje, alimtumia Mama Kulwa chapati zilizofungwa kwenye kitambaa. Mimi sikutumiwa. Nyumbani kwangu nilijaza mawe kwenye masanduku ya mbao, nikanyanyua cherehani ya mke wangu, nikanyanyua redio, nikitaka mkono wangu ujifunze kupima uzito. Nilichopata ni maumivu ya kiuno.

Katikati ya 1998 Meneja Ununuzi, mzee aliyekuwa juu yetu sote, alitangaza kwamba anastaafu. Mkurugenzi alituita wawili na kusema cheo kitakuwa cha mmoja wetu, na atatazama ununuzi wetu mpaka mwisho wa mwaka. Kilikuwa na nyumba ya kampuni na meza yenye simu. Mke wangu alikwisha kuwaambia wenzake wa kwaya.

Ndipo nikamtumia shemeji yangu. Alikuwa mfanyabiashara wa samaki wa sangara kule Chato, na seva alikuwa hajawahi kuiona. Nilimwambia nahitaji jina lake tu. Kambi ilipotangaza seva ambazo nilijua Mama Kulwa anazitaka, niliandika zabuni kwa jina la shemeji, bei juu kabisa, yeye akaitumbukiza. Jumamosi alishinda. Siku tatu zikapita hajalipa, mali ikatangazwa upya. Mama Kulwa, akiwa ameona getini kwamba kuna mtu anayelipa vile, akapandisha bei yake na kununua kwa gharama isiyo ya kawaida yake. Nilirudia kambi ya pili, na ya tatu.

Nilichokusudia kilikuwa kumharibia yeye tu. Sikufikiri kwamba getini wanasoma wote. Wanunuzi wa Mwanza waliona bei za mtu wa Chato, nao wakapandisha. Mwezi wa Novemba, nikiwa mgahawani Geita, mnunuzi mmoja alinieleza kwa sauti ya chini kwamba kuna tajiri wa Chato anavusha seva kwenda Uganda, anachukua zote anazoziona, ndiyo maana hazishikiki. Alinieleza hata rangi ya gari lake. Nilimsikiliza mpaka mwisho, na nilimlipia chai.

Mkurugenzi naye alikwisha kusikia. Alituita Shinyanga. Orodha za bei za kambi tatu zilikuwa mezani, amezipigia mistari kwa kalamu nyekundu.

“Bei inapanda,” alisema. “Huyu wa Chato anajua jambo ambalo sisi hatulijui. Nataka tununue zote, kila kambi, kabla hajazimaliza. Mama Kulwa?”

“Bosi, mimi ningengoja,” alisema. “Nimeuliza Isaka, nimeuliza Mwanza, hakuna aliyemwona mtu huyu akilipa hata seva moja. Bei hii haina mwenyewe.”

Mkurugenzi akanigeukia. “Na wewe, fundi?”

Mwenyewe wa bei hiyo nilikuwa mimi, nimekaa kwenye kiti cha pili kutoka dirishani. Ningeweza kumaliza jambo kwa kusema tu kwamba Mama Kulwa yuko sahihi. Lakini kusema hivyo mbele ya meza ile kungekuwa kumkabidhi cheo kwa mkono wangu.

“Tununue,” nilisema.

Tulinunua. Lori la kampuni lilikwenda Geita na kurudi mara nne. Kufikia mwanzoni mwa 1999 ghala lilijaa mpaka mlangoni, na tulipoacha kununua, bei zikarudi mahali pake, kwa kuwa mnunuzi mkubwa tuliyemwogopa tulikuwa sisi wenyewe. Kisha dhahabu ikashuka na kambi nyingine zikafungwa. Kisha ikaja hofu ya mwaka 2000. Ilisemwa kwamba mashine za zamani zitashindwa kuusoma mwaka mpya na zitasimama. Kila mteja aliyefika aliuliza swali moja, je, hii itavuka? Tulisema hatujui, wakaondoka. Cheo cha Meneja Ununuzi kilifutwa, na nusu ya wafanyakazi tukaambiwa tujiandae kuondoka.

Mama Kulwa alinikuta ghalani mchana mmoja. Alikuwa na karatasi mkononi, zabuni ya shemeji, ambayo aliiomba kwa karani wa kambi.

“Nimeuliza Chato. Mtu huyu ni shemeji yako, anauza sangara,” alisema. “Trei na funguo zake amezijulia wapi?”

Nilitazama karatasi. Maneno yalikuwa yale yale niliyomfundisha yeye, na nilikuwa nimeyaandika bila kufikiri, kwa mazoea. Nilimuuliza kama amemwambia Mkurugenzi.

“Atakufukuza leo, na Limi yuko kidato cha pili. Sijamwambia.” Alikunja karatasi, akanipa. “Ungeniuliza tu namna ya kunyanyua, Baba Limi. Ningekufundisha.”

Mwezi huo huo aliomba kuacha kazi, akafungua kibanda cha spea Isaka. Mimi nilibakizwa kulinda ghala alilokuwa akilitunza yeye siku ile ya kwanza.

Desemba 1999 Mkurugenzi aliamua kuziondoa seva zote kwa zabuni. Tulibandika orodha mlangoni kama kambi zilivyofanya. Jumamosi ilipofika, ndani ya sanduku kulikuwa na bahasha moja. Niliufahamu mwandiko wa Mama Kulwa kabla ya kuifungua. Nilitegemea bei ya chuma chakavu, na nitasema ukweli, niliitamani iwe hivyo. Ningemwona ni mtu anayelipiza, ningelala usingizi. Ilikuwa bei ya haki. Ilikuwa chini sana ya gharama yetu, lakini ndiyo ningeiandika mimi kama ningeulizwa kwa kiapo. Chini yake ameandika, pamoja na trei na funguo zake.

“Hajui kwamba yuko peke yake?” Mkurugenzi aliuliza.

“Anajua,” nilisema.

Alikuja na lori, tukapakia pamoja. Mwaka mpya ulipoingia mashine zile zilisoma tarehe, chache zikahitaji kurekebishwa saa, na wateja waliokimbia wakarudi. Waliponunua, walinunua Isaka.

Sasa nimestaafu, kiuno hakiniruhusu kazi ya kuinama, na vijana wanaonunua mitambo iliyotumika huja kuniuliza kwa nini bei hupanda na kushuka. Nawaambia waangalie dhahabu, mvua, malori ya Isaka, spea na hofu za watu. Hayo ni ya kweli na nimeyaandika humu kwa uaminifu. Ila bei ya 1998 haikupandishwa na lolote kati ya hayo, na leo ndiyo mara ya kwanza kuliandika hilo. Mkurugenzi amefariki bila kulijua.

Nikisafiri kwenda Kahama huwa nashukia Isaka. Mama Kulwa amezeeka, kibanda sasa ni duka la milango miwili. Ananipa chai, kisha ananionyesha sanduku lolote lililo karibu. “Haya, Baba Limi, magoti yakunje, usivute kwa mgongo,” ananiambia. Nanyanyua kidogo, natamka ninachodhani kimo ndani. Huwa nakosea. Ananirekebisha taratibu, bila kucheka, na kunimiminia tena chai. Nikiwa njiani kurudi hugundua kwamba bado namwonea wivu, siku hizi kwa ajili ya upole wake huo.