Wiki ya Kumi na Tano, Milele

Mwaka ule korosho zilikubali. Mume wangu ana mikorosho yake upande wa Makote, mimi nafundisha darasa la tatu hapa Newala mjini, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane hatukuwa na mtoto wa kulipiwa ada. Tukabaki tunatazamana kama watu walioshuka kituo kisicho chao. Hapo ndipo simu ilipolia.

Msichana wa kwenye simu alisema tumechaguliwa. Mume wangu ni katekista, na neno hilo halichukulii kwa wepesi, kwa hiyo alimuuliza tumechaguliwa na nani. Na kampuni, msichana akasema. Tufike Masasi Jumamosi, kuna ukumbi, tutaelezwa habari za kumiliki wiki. Sharti ni moja tu, mume na mke waje pamoja.

"Kumiliki wiki?" nilimuuliza alipokata simu.

"Ndivyo alivyosema."

"Wiki ya nini?"

"Sikuuliza. Alisema kuna pilau."

Jumamosi tukavaa nguo za kanisani tukateremka Masasi. Mlangoni pa ukumbi tulipokelewa na kiboko. Alikuwa mtu, bila shaka, ndani ya vazi la manyoya ya bluu lenye kichwa kikubwa na kaptula nyekundu, lakini alikuwa amefungwa barabara, huoni hata jicho. Mume wangu alivua kofia. Kiboko akainama, na kutoka mahali fulani shingoni ikaja sauti:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Poleni na joto."

"Tumeshazoea, mzee," kiboko akasema, na tone la jasho likaangukia kiatu changu.

Ndani kila mume na mke walipewa meza yao na afisa mauzo wao. Wetu alikuwa mwanaume wa miaka kama thelathini, mwembamba, mwenye tai pana kuliko kifua chake. Alizaliwa Chilangala, akatuambia mapema, ili tujue kwamba si mtu wa kuja. Katikati ya ukumbi palikuwa na meza kubwa yenye mfano wa mji mzima uliotengenezwa kwa maboksi na rangi: hoteli, magurudumu ya kupandisha watu juu, treni za kupinduka kichwa chini, na mitelezo ya maji iliyojisokota kama utumbo. Mji huo wa michezo, alisema, unajengwa pwani, huko juu kuelekea Dar es Salaam. Sisi hatungenunua nyumba wala chumba. Tungenunua wiki moja ndani ya chumba, kila mwaka, wiki ileile, mpaka kufa kwetu, na baada ya hapo warithi wetu waendelee nayo.

"Milele?" mume wangu akauliza.

"Milele, mzee."

Mume wangu akanitazama. Neno hilo nalo ni la kazini kwake.

Kisha taa zikazimwa tukaonyeshwa filamu. Sitasema uongo, mimi filamu ile ilinimaliza. Waliokulia juu ya tambarare hii wanajua maji kwetu yalikuwa nini. Chemchemi ziko bondeni, sisi tuko juu. Nilipokuwa msichana tuliamka alfajiri tukateremka genge, tukapanda na ndoo kichwani, na ndoo hiyo ndiyo ya kupikia, ya kunywa, ya bibi kutawadhia miguu yake iliyovimba. Tulioga kwa kopo moja, na mama alikuwa akisimama pembeni kuhakikisha ni moja. Sasa kwenye ukuta ule wa ukumbi wa Masasi niliona maji yakimwagika kutoka juu kama mnara wa kanisa, yakipita kwenye bomba la bluu, na juu yake watu wazima wanateleza huku wanacheka. Yalimwagika hivyo mwanzo wa filamu mpaka mwisho. Na kule chini hakuna mtu aliyekinga ndoo.

Kwanza nilikasirika. Halafu nikataka. Nilitaka kukaa kwenye lile bomba, na miaka yangu hamsini na tatu, na gauni langu la kitenge, niachie.

Taa zilipowashwa mume wangu alikuwa na maswali.

"Mwaka una wiki hamsini na mbili. Sisi tuna moja. Hao wengine hamsini na mmoja ni akina nani?"

Afisa mauzo akasema ni familia mbalimbali.

"Majina yao mnayo?"

"Hayo ni siri ya wateja, mzee."

"Nilale kwenye godoro moja na watu hamsini na mmoja nisiowajua, milele?"

"Hamtakutana, mzee. Wao wana wiki zao."

Kila aliyenunua aligongewa kengele, watu wote wakapiga makofi, na kiboko akacheza kidogo. Kengele ya kwanza iligongwa kwa mwalimu mstaafu wa Chidya na mkewe, walionunua wiki ya kumi na nne. Mume wangu alipiga makofi kuliko wote. Kisha, kabla sijamshika shati, akainuka akaenda mezani kwao, nikamsikia akisema kwa heshima kabisa: "Hongereni. Huenda sisi tukachukua ya kumi na tano. Naomba mtuachie chumba kisafi." Mwalimu mstaafu akaapa kwamba mkewe hawezi kuondoka mahali bila kufagia. Wakapeana namba za simu. Alirudi amefurahi. "Jirani zetu ni watu wazuri," akasema.

Kwa nini ya kumi na tano? Kwa sababu tulikuwa tumeshatandaza kalenda ya kampuni mezani tukatafuta wiki ambayo maisha yetu hayana kazi nayo, na jambo hili lilitushangaza kuliko kiboko. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja ni kuokota korosho. Wa kumi na mbili ni kupanda. Januari shule zinafunguliwa. Februari na Machi ni palizi. Mwezi wa sita shule zimefungwa lakini ndipo wasichana wanapotoka unyagoni, na mimi nina watoto wa ndugu zangu, siwezi kukosa. Halafu ni kupuliza dawa mikorosho mpaka Agosti. Mei na Septemba nipo darasani. Afisa mauzo alikuwa anafuta wiki kwa kalamu nyekundu, moja baada ya nyingine, na uso wake ulizidi kukunjamana. Mwisho ikabaki moja, katikati ya Aprili, kwenye likizo fupi ya shule.

"Hii hapa!" akasema, akaizungushia duara.

Mume wangu akaitazama sana. "Pasaka," akasema. "Pasaka inahama. Wiki yako haihami. Kuna miaka itaingia humohumo, na mimi siwezi kuwa kwenye bomba la maji siku ya Ijumaa Kuu."

"Miaka hiyo tu, mzee."

"Umesema milele. Kwenye milele miaka hiyo ni mingi."

Afisa mauzo akafungua tai kidogo. Alisema bei hii ni ya leo tu. Mume wangu akasema sawa, basi leo hatuna, kwa sababu kitu cha kurithiwa hakinunuliwi bila dada yake kujua. Nadhani pilau ilikuwa nzuri, lakini sikumbuki ladha yake. Nilikuwa naangalia ule mfano wa maboksi.

Jumamosi iliyofuata, mchana, afisa mauzo alifika kwetu kwa bodaboda, tai imegeuka rangi kwa vumbi. Alidhani amekuja kupata sahihi mbili. Alikuta kikao. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa ameshakaa kwenye mkeka na miwani yake. Aliolewa na Mwislamu akasilimu zamani, na ndiye anayeogopwa na pande zote mbili za ukoo. Kwa upande wangu alikuja mjomba, ambaye anasikia vizuri anapotaka. Tulimkaribisha mgeni ming'oko, vile viazi vya porini, na chai, akala kwa adabu.

Wifi hakuwa na haja ya filamu. Aliuliza swali moja: "Kaka yangu akifa, hiyo wiki ni ya nani?"

"Ya watoto wake, mama," afisa mauzo akasema.

"Ala! Wewe si umezaliwa Chilangala? Mali ya mjomba inakwenda kwa nani?"

Afisa mauzo akaweka ung'oko chini. Alijua jibu. Sote tulijua. Kwa desturi yetu mali ya mwanaume inatazama kwa dada yake, na wifi ana watoto wanne waliokuwa wakisubiri mikorosho, na sasa walikuwa wameongezewa wiki.

"Lakini," mjomba akakohoa, "mshahara wa binti yangu nao umo. Nusu ya wiki ni ya kwake, na ya kwake ni ya watoto wake."

Basi wakaanza kuigawa. Nusu ya siku saba ni tatu na nusu. Wifi alitaka Jumapili mpaka Jumatano, mjomba akasema hizo ndizo siku nono. Wifi akakubali kubadilishana, kisha akakumbuka Ijumaa: "Hapana, Ijumaa wanangu hawateremki kwenye bomba. Wataswali." Mjomba akauliza kama huko kuna kanisa, maana Jumapili bila kanisa inahesabika nusu. Afisa mauzo alipewa daftari langu la maandalio ya masomo achore siku, na akachora kweli, kwa rula. Ugomvi ukatua Jumatano. Jumatano ilikuwa katikati, kila upande unaidai mpaka saa sita mchana, na hapakuwa na aliyekubali kuanza alasiri, kwa hofu kwamba wa asubuhi watachelewa kutoka chumbani makusudi.

"Inawezekana kuweka kitanda cha ziada siku ya Jumatano?" mume wangu akamuuliza mgeni.

"Nitauliza ofisini, mzee," akajibu, na nikaona ameandika.

Walikuwa wanabishana hivyo, chai imepoa. Hawa watu walikuwa wameshanizika. Waligawana wiki niliyoitaka kwa ajili ya miguu yangu mwenyewe, na hakuna aliyeniuliza ningefanya nini nayo kabla ya hapo.

"Mimi nataka kuteleza nikiwa hai," nikasema.

Wifi akavua miwani. "Ukivunjika nyonga, Mwalimu?"

"Nivunjike."

Nikamgeukia afisa mauzo. "Baba, niambie wewe. Ukifika kule chini, maji yale yanakuwaje? Baridi?"

Alinitazama, kisha akatazama daftari. "Sijui, Mwalimu."

"Hujawahi kuteleza?"

"Haijajengwa bado. Ile filamu ni ya nchi nyingine. Kwetu kuna kiwanja na uzio. Wanasema mwakani, au mwaka unaofuata." Kisha akasema kwa sauti ya chini, si sauti ya ukumbini tena, "Uzio wenyewe nimeuona kwenye picha. Lakini mimi nimechota bondeni mpaka namaliza shule. Nilipoiona ile filamu mara ya kwanza nilitoka nje."

Sikumkasirikia. Aliyenitazama hapo alikuwa mtu aliyetaka kitu kilekile nilichotaka, na alivaa tai ili akipate. Nilimwambia tu kwamba hatutanunua. Mume wangu hakupinga. Wifi alisema bora, maana Jumatano ingeleta damu. Mjomba akauliza kama ile kalenda anaweza kubaki nayo. Afisa mauzo akamwachia, akashukuru kwa ming'oko, akaondoka kuelekea nyumba nyingine aliyokuwa nayo kwenye orodha.

Ile wiki haikufa papo hapo. Kwa miezi kadhaa wifi hakukanyaga kwetu, akidai mjomba alimwonyesha dharau juu ya Alhamisi, siku ambayo mimi nakumbuka hata haikubishaniwa. Mwalimu mstaafu wa Chidya alimpigia mume wangu mara mbili kuuliza kama sisi ndio tutakaofuata baada yao, na mume wangu aliona aibu kumjibu, akawa ananipa mimi simu.

Desemba shule zilipofungwa, mume wangu alikuja jikoni akasimama mlangoni. Aliniuliza kama siku ile kwenye kikao nilisema kweli au nilitaka tu kunyamazisha watu. Nikamwambia kweli. Kesho yake, wakati wenzetu wote wapo shambani wanapanda na mvua imeshaanza, aliwaachia wapwa zake jembe, akanipeleka Mtwara siku nne.

Nyumba ya wageni ilikuwa na popo darini, na mvua haikukatika. Niliingia baharini na gauni langu mpaka kiunoni, mvua inaninyeshea kichwani, na kwa kweli sikujua nifanye nini humo, kwa hiyo nilisimama tu na kucheka. Yeye alikaa kwenye mchanga na mwavuli wa kanisa, suruali imepigwa pasi, viatu vyeusi miguuni, akiangalia watu wasije wakaiba kandambili zangu. Siku ya kwanza hivyo. Ya pili hivyo. Siku ya tatu alifunga mwavuli, akavua viatu, akavipanga pamoja na soksi ndani, akaja mpaka maji yalipomfika kwenye vifundo.

"Ya moto," akasema, kwa mshangao, kama mtu aliyeletewa kitu ambacho hakuagiza.