Jezi ya Upande wa Pili wa Mlima

Siku ya mechi ya Kenya na Uganda, mwenye hoteli ninayokula nikifika Bungoma alipunguza sauti ya televisheni na kunipa nafasi. "Profesa, tuambie," alisema, na waliokuwa wakinywa chai wakacheka, maana walijua shule niliiacha darasa la saba. Nami sikuhitaji kubembelezwa.

Nilianza na mlima. Elgon uko katikati, nusu kwetu na nusu kwao, na kombe ambalo timu hizi mbili za raga zinagombea limepewa jina lake. Mechi ni mbili, moja kwao na moja kwetu, na pointi za zote mbili hujumlishwa. Unaweza kuwapiga nyumbani, ukaimba mpaka sauti ikauke, na bado kombe likapandishwa basi kuelekea Kampala kwa sababu kule ulipigwa zaidi. Raga inayochezwa hivyo haikupi nafasi ya kufurahi mapema.

Kisha nilirudi nyuma. Niliwaambia mchezo uliletwa na Wazungu, wakicheza wao kwa wao, wa Nairobi na wa Kampala, sisi tukiwa nje ya ua. Shule zikauchukua, na kutoka shuleni ukaingia kwenye damu za watu. Niliwaambia kuna miaka ambayo Uganda ilikuwa na shida zake, wachezaji wakawa hawajui kama kesho kutakuwa na uwanja, na sisi tukazoea kushinda mpaka tukafikiri ni haki yetu. Halafu wakaamka. Wakaja kwetu wakatupiga, wakabeba kombe, na kuanzia hapo hakuna Mkenya aliyekaa vizuri kwenye kiti chake Korongo, timu yao, wakiwa na mpira. Ukihesabu yote, Simba wetu wameshinda mara nyingi zaidi. Lakini Mganda hahitaji mara nyingi. Anakushinda mara moja, anakukumbusha miaka kumi.

Haya sikuyasoma popote. Nilikuwa mpakiaji wa mahindi Kachibora, na madereva wa malori husema mengi wakisubiri mizigo. Webuye nilikaa na fundi mmoja wa magari aliyewahi kucheza mstari wa mbele, wale wenye shingo nene wanaosukumana kichwa kwa kichwa. Alikuwa mgomvi na nusu ya maneno yake ilikuwa uongo. Alidai alisimama kwenye reli akawatukana Waganda walipopita na treni, nao wakamrushia ndizi. Nilimuuliza kama zilikuwa mbivu. Akanifukuza gereji. Ndivyo nilivyokusanya: nasikia hapa, nahakikisha kule, nikichoka mji nahamia mwingine.

Lakini aliyenifundisha kuuona mchezo wenyewe ni bakoki wangu. Sisi Wabukusu, waliotahiriwa msimu mmoja huitana hivyo mpaka kufa. Ni ndugu, na kwa mambo mengine ni zaidi ya ndugu, kwa sababu ndugu hukumchagua na kisu hamkukiona pamoja. Bakoki hamshtaki bakoki. Hamfichi jambo.

Yeye alibaki shuleni kwa sababu ya mwili wake; walimu walimtaka kwa timu ya raga. Alikuwa mrefu, mwepesi, na akikukamata kiunoni unaanguka kama gunia lililokatwa kamba. Mimi nilipopanga chumba Matisi, mtaa wa Kitale, alikuwa akija wikendi, tunalala kichwa na miguu kwenye kitanda kimoja, na mchana tunatazama mechi za zamani kwenye simu yangu, kila mtu na spika moja ya sikioni. Alinieleza kwa nini refa amepuliza, nami nikamweleza nani alimpiga nani kabla hatujazaliwa. Siku moja alisema, "Bakoki, nitasimama kwa hiyo laini wakiimba wimbo wa taifa. Na wewe utakuwa hoteli unawaambia watu mimi ni nani." Nilimwamini kama ninavyoamini mvua ya Aprili.

Aliitwa Nairobi mara moja kufanyiwa majaribio. Akarudi na bega limefungwa kitambaa. Hakuitwa tena, na hakulizungumzia. Baadaye akaniambia amepata kazi ya kupakua mizigo kwenye bohari Kampala. Tuliagana Bungoma pale magari ya Malaba yanapojaa. Nikamwambia awachunguze Waganda, aniletee habari. Akacheka sana. Sasa najua kilichokuwa kikimchekesha, au nafikiri najua.

Mechi ya kwanza ilikuwa kwao. Nilikuwa nimemaliza kuhadithia, nimekaa, chai yangu bado moto. Wimbo wa Uganda ukapigwa na kamera ikaanza kupita usoni mwa wachezaji mmoja mmoja, wameshikana mabega. Ikafika kwake.

Kwanza niliona bega. Analiinua kidogo upande wa kushoto tangu lile jeraha. Kisha nikaona mdomo, na mdomo ulikuwa ukiimba.

"Profesa!" mtu wa meza ya nyuma akapiga kelele. "Huyo si ni mtu wako?"

"Ati anaimba, bana! Anajua mpaka maneno!"

"Huyu amekula mandondo hapa hapa," mwenye hoteli akasema. "Kiti hicho umekalia wewe."

Nilikuwa nikisubiri mtu aseme ni ndugu yake, ni mtu anayefanana naye. Badala yake kijana wa bodaboda aliyekuwa karibu nami akaniangalia kwa huruma. "Kwani hakukwambia? Mama yake alituambia zamani. Si mama ni wa huko Uganda? Sheria inakubali."

Nikageuka kuzitazama meza. Wengine waliangalia vikombe. Walijua. Walikaa pale wakanisikiliza nikiwaambia jinsi Simba watakavyowararua Korongo, na karibu nusu yao walijua nani yuko kwenye mstari. Jezi ilikuwa jambo moja. Hizo nyuso zilizoinamia chai zilikuwa jambo lingine, na hilo ndilo lililoniingia.

Kipindi cha pili winga wetu alikuwa ameshapita kila mtu, amebakisha hatua chache aweke mpira chini kwenye kona. Bakoki alitoka mbali akamkamata kiunoni. Winga akaanguka nje ya chaki na mpira wake. Uganda wakashinda kwa pointi chache, na kama unajua raga utakubali kwamba ni pointi za ile kona.

"Profesa, ongeza hiyo kwa historia," mtu akasema. Hoteli nzima ikacheka. Nikaacha chai.

Nilirudi Matisi na kwa siku nyingi sikutaka kuongea na mtu. Nilijiuliza ningejuaje, na jibu lilikuja vibaya, kwa sababu lilikuwa jambo nililolichezea ngoma mimi mwenyewe. Kwetu, kabla kijana hajatahiriwa huenda kwa mjomba, kaka ya mama. Mjomba huchinja ng'ombe na kumvisha shingoni ukanda wa nyama, tunauita luliki, arudi nao nyumbani akikimbia. Mjomba asipoutoa, kijana ni kama hana upande mmoja wa damu. Mimi na bakoki tulisindikizana. Mjomba wake alikuwa ng'ambo ya mto Lwakhakha, upande wa Uganda. Tulivuka na kengele zetu na umati wetu na hakuna askari aliyetuuliza kitu, maana ng'ambo nao walikuwa wakitahiri mwaka huo huo, kwa nyimbo zile zile. Mjomba alimvisha nyama na kumwambia mbele ya watu wote, "Huku pia ni kwenu. Usisahau." Nikapiga kengele kwa nguvu zaidi.

Nilichukulia maneno ya mjomba kama adabu. Mimi ninayejigamba kujua historia ya mlima, niliona bendera mbili na nikasahau mlima. Lakini hata nikijua hayo, hasira haikupungua. Haki ya kuvaa ile jezi alikuwa nayo. Haki ya kunificha hakuwa nayo.

Mechi ya pili ilichezwa kwetu. Niliitazama Kitale, nimesimama mlangoni pa baa ambako hakuna aliyenijua. Bakoki alipopigwa na kuangushwa nilipiga kelele ya furaha pamoja na wengine, halafu nikanyoosha shingo kuona kama ameinuka. Aliinuka. Tulishinda kwa pointi za kutosha na kombe likabaki. Watu wakarukaruka. Kamera ikamwonyesha amepiga goti, ameshika nyasi, na mimi nikaondoka kabla kombe halijakabidhiwa.

Mama yake akanipigia simu wiki hiyo. "Mwanangu, bakoki wako yuko nyumbani. Nimechinja jogoo. Kuja."

"Mama, niko na kazi."

"Kazi gani ambayo wewe huikimbii? Kuja."

Nilikwenda. Nilimkuta nje, amekaa kwenye stuli, jicho moja limevimba. Alisimama.

"Bakoki."

"Habari yako," nikasema.

Akakaa tena. Tukaangalia kuku.

"Najua umekasirika kwa sababu ya Kenya," akaanza. "Lakini Nairobi walinirudisha na bega langu, hakuna hata mtu alipiga simu kuuliza kama limepona. Hawa wa Kampala walinitafuta wao. Walinipeleka kwa daktari kwanza, ndio wakanipa mpira."

"Sijakuuliza juu ya Kenya."

"Unauliza nini?"

"Nauliza kwa nini mtu wa boda alijua."

Aligusa jicho lililovimba. "Kwa sababu mtu wa boda hangenizuia. Ungeniambia nisiende."

"Ningekwambia, ndiyo."

"Na mimi ningekusikiza. Bakoki, mama nilimbishia. Wewe singeweza."

Nilitaka hilo linilainishe. Ni neno zuri, na bado nalifikiria. Lakini akaongeza, "Tena wewe ungenifanya hadithi. Kila mechi hoteli nzima ingesikia: halafu kulikuwa na mmoja wetu, akatuuza."

"Na si ni kweli?"

"Umeona?" akasema, na kwa mara ya kwanza akanikasirikia yeye. "Hiyo ndiyo nilikuwa naogopa, na umeisema ukiwa hata hujakaa."

Mama akatuita ndani. Alikuwa amepakua kwenye sinia moja, ugali katikati, kuku upande huu na upande huu, mboga pembeni, akaliweka baina yetu kama alivyofanya tangu tulipopona vidonda. Watu wa kisu kimoja hula chombo kimoja. Hakuna anayefundishwa hilo, unakua ukiliona. Akatunawisha mikono, kwanza mimi.

Bakoki alinyoosha mkono akasubiri niumege ugali. Nikautazama mkono wake. Vidole viwili vilikuwa vimefungwa pamoja na plasta, na nilijua ni vile alivyomkamatia winga wetu.

"Mama," nikasema, "naomba sahani yangu."

Alisimama na birika la maji. "Uko mgonjwa?" akaniuliza, maana mgonjwa ndiye hula peke yake.

"Hapana, mama. Niko sawa."

Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi. Alienda kabatini, akachagua, akarudi na sahani ya udongo yenye maua, ile anayotolea mchungaji na wageni kutoka mbali. Aliipangusa kwa kanga yake ingawa ilikuwa safi, akaiweka mbele yangu, akanipakulia kipande cha ugali na paja la kuku kutoka kwenye chungu, si kutoka kwenye sinia. Kisha akatoka nje, tukamsikia akiwafukuza kuku ambao hawakuwa wamefanya lolote.

Nilikula. Chakula kilikuwa kizuri, na nilikimaliza kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu. Bakoki naye alikula polepole, ameinamisha kichwa. Alikula upande wake wa sinia tu. Upande wangu aliuacha vile ulivyopakuliwa, mboga haijaguswa, mpaka ukapoa.