Mbegu Hainyimwi Jirani

Shangazi yangu Mwanasiti amelima mpunga huku delta ya Rufiji, chini ya Mohoro, tangu hajaolewa, na katika maisha yake yote amesaini karatasi moja tu. Hiyo moja ndiyo iliyommaliza.

Karatasi ililetwa na mwanawe, Mudrick, mtafiti wa mbegu chuo kikuu. Kwa miaka minane Mudrick alikuwa akipandanisha mpunga wa zamani wa mama yake na aina nyingine za maabara, hadi akapata mbegu isiyokufa maji ya chumvi yakipanda mashambani. Chuo kilitaka kuisajili, na kampuni moja ilikuwa tayari kuizalisha kwa wingi iuzwe. Shamba la mwisho la majaribio likawekwa kwa shangazi, yeye akiwa msimamizi.

"Mama, mpaka haki ya mgunduzi itoke, mbegu hii asipewe mtu. Hata punje."

"Sawa, mwanangu," akajibu, akasaini. Hakusema uongo. Siku ile alikuwa hajaombwa.

Kwetu unaweza kumnyima mtu chumvi, hata salamu mkigombana, lakini mbegu hainyimwi. Aliyenyima mbegu, hata akivuna, hali kwa raha. Na mwaka ule chumvi ilipanda, ikaua mpunga wa kijiji kizima, ukabaki wa shangazi peke yake. Alipovuna, akaja Salama, jirani yake, nyumba zao pua na mdomo, na kikapu mkononi.

"Dada, nina watoto na sina cha kupanda."

Shangazi akampimia pishi mbili. Kesho yake wakaja wengine. Nami nilikwenda, sijifichi. Nilichukua pishi tatu, na habari ya karatasi niliijua.

Msimu uliofuata mbegu ile ilikuwa ikiuzwa kwa kopo mnadani Kibiti. Kampuni ikapata habari, ikajitoa: nani atanunua kitu kilichokwisha kufika kila shamba? Ofisi ya chuo inayosimamia ugunduzi ikasema mbegu iliyogawiwa kwa hiari na msimamizi wa majaribio haihesabiwi mpya tena, kwa hiyo haisajiliki. Saini wanayo. Mradi ukafungwa, mkataba wa Mudrick haukuongezwa. Wakaja watu wawili na gari, wakafagia ghala la shangazi mpaka punje ya mwisho, maana mbegu ni mali ya chuo.

Mudrick hakumgombeza mama yake. Afadhali angemgombeza. Alikaa naye barazani, akasema, "Hata mimi, mama, sijui ningemnyima vipi Salama." Siku hizi anafundisha tuisheni Mbagala. Hupiga simu kila Ijumaa, wakajuliana hali, basi.

Wema hauozi, husema watu. Waje huku waone. Sisi tuliopewa hatukujua kuitunza. Tuliipanda kando ya mpunga wetu mwingine, tukavuna pamoja, tukachanganya ghalani, na mwaka wa tatu ile ya Mudrick ilikuwa imemezwa na nyingine, hakuna aliyejua ipi ni ipi. Mwaka huu chumvi imepanda tena. Mashamba yote yamekufa, langu na la shangazi pia, kwani naye alipanda mbegu ya kuomba kwetu.

Juzi Salama alikuja kwa shangazi na kikapu kilekile. Nilikuwepo, nachambua mchele.

"Dada, ile mbegu ya Mudrick. Hata kibaba."

"Sina, Salama. Walichukua yote."

Salama akautazama mlango wa ghala, ulikuwa umefungwa. Akaaga kwa adabu, akaondoka. Jana kisimani nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia wenzake kwamba Mwanasiti siku hizi ananyima mbegu, na wale waliopimiwa pishi kwa mkono wake wakaitikia.

Shangazi amesikia. Tangu asubuhi ameuacha mlango wa ghala wazi, na yeye amekaa kizingitini analia, ili kila apitaye aone mle ndani hamna kitu. Watu wanapita upande wa pili wa njia.